Jon Postel: Mtunza daftari la intaneti aliyetawala kwa kuaminiwa tu

MHANDISI aliye Nairobi anapoketi mbele ya tarakilishi yake, akaandika amri moja fupi na kuanzisha programu katika mtambo ulioko Ulaya au Marekani, huwa hafikirii kwamba kuna miujiza yoyote iliyotendeka. Amri husafiri chini ya bahari, mtambo wa mbali huitii, na majibu hurejea kwenye kiwambo chake kufumba na kufumbua. Hata hivyo, ili jambo hilo liwezekane, ilibidi kwanza mitambo hiyo miwili ifunzwe lugha moja. Ilibidi pia kila huduma ipewe nambari yake inayojulikana kote ulimwenguni, ili amri isibishe hodi kwenye mlango usio wake.

Mtu aliyeandika sehemu kubwa ya lugha hiyo, na aliyezitunza nambari hizo kwa karibu miaka 30, ni Jonathan Bruce Postel, Mmarekani aliyejulikana kwa ndevu ndefu na makubazi miguuni. Hakuwa waziri wala tajiri. Hakuwahi kupigiwa kura na umma, na hapakuwa na sheria yoyote ya bunge iliyomkabidhi kazi hiyo. Mamlaka yake yalisimama juu ya nguzo moja tu, nayo ni kuaminiwa na wenzake. Mwanzoni mwa mwaka wa 1998, miezi michache kabla ya kifo chake, nguzo hiyo ilitikiswa na serikali ya taifa lake mwenyewe.

Kijana wa California

Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, katika mji wa Altadena, jimbo la California. Alisomea katika Shule ya Upili ya Van Nuys, viungani mwa Los Angeles. Kwa sadfa ya ajabu, shule hiyo hiyo ndiyo iliyowalea Vinton Cerf na Stephen Crocker, vijana wawili ambao baadaye wangekuwa miongoni mwa waasisi wa intaneti pamoja naye.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kinachofahamika kwa kifupi kama UCLA, ambako alipata shahada ya kwanza ya uhandisi mwaka wa 1966 na ya uzamili mwaka wa 1968. Shahada ya uzamifu katika sayansi ya tarakilishi aliipata mwaka wa 1974, kwa tasnifu iliyochambua itifaki, yaani kanuni ambazo tarakilishi hufuata zinapowasiliana.

Alikuwa chuoni hapo katika wakati mwafaka. Shirika la utafiti la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ARPA, lilikuwa likigharimia mradi wa kuunganisha tarakilishi za vyuo na taasisi mbalimbali. Enzi hizo tarakilishi moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa ghali mno. Mtafiti aliyehitaji programu iliyokuwa katika mtambo wa mji mwingine alilazimika kufunga safari au kutafuta laini maalumu iliyounganishwa na mtambo huo peke yake. Lengo la mradi lilikuwa kumwezesha mtu aliyeketi mahali pamoja kuitumia tarakilishi iliyo mbali kana kwamba imo chumbani mwake.

Usiku wa Oktoba 29, 1969, jaribio la kwanza lilifanywa. Charley Kline, mwanafunzi wa UCLA, aliketi kwenye kibodi na kuanza kuandika neno la kuomba kuingia katika tarakilishi ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford mjini Menlo Park, umbali wa kilomita 500 hivi. Herufi ya kwanza ilifika. Ya pili ikafika. Alipoandika ya tatu, mtambo wa upande wa pili ukazimika. Ilichukua muda wa kama saa moja hivi kabla ya kuingia kwa mafanikio.

Postel, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa maabara hiyo. Ujumbe wa kwanza kupita katika mtandao ambao baadaye ungezaa intaneti haukuwa barua wala salamu. Ulikuwa ni ombi la kuingia katika tarakilishi ya mbali ili kuitumia. Kazi ya kulifanya ombi hilo lieleweke na kila mtambo, popote ulipo, ndiyo iliyomshughulisha Postel kwa miaka mingi iliyofuata.

Daftari la nambari

Miezi sita kabla ya usiku huo, Aprili 7, 1969, Crocker alikuwa ameandika hati ya kwanza katika mfululizo ulioitwa Maombi ya Maoni. Jina hilo lilichaguliwa kwa unyenyekevu wa makusudi. Waandishi wake walikuwa wanafunzi tu, nao walichelea kuonekana kana kwamba wanawaamrisha wakubwa wao. Yeyote aliyekuwa na wazo kuhusu jinsi mtandao unavyofaa kufanya kazi aliliandika, akalipa nambari na kuwasambazia wenzake ili walikosoe.

Hati zilipoongezeka, palihitajika mtu wa kuzipanga, kuzihariri na kuhakikisha kwamba hakuna nambari iliyotolewa mara mbili. Postel alijitolea. Kazi hiyo ya kuhariri, ambayo wengi wangeiona kuwa ya karani, aliifanya hadi siku za mwisho za maisha yake. Zaidi ya hati 2,400 zilitoka katika kipindi hicho.

Mnamo Mei 1972, aliandika hati fupi akipendekeza kwamba awepo mtu mmoja wa kugawa nambari rasmi za huduma za mtandao, na kwa mzaha kidogo akajitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye huenda akafaa. Katika orodha aliyoipendekeza, huduma ya kwanza kabisa ilikuwa ya kuingia katika tarakilishi ya mbali, ikifuatwa na ya kuhamisha faili, kisha ya kuutumia mtambo wa mbali kazi ya kuifanya na kurejesha matokeo. Hakuna aliyepinga. Tangu siku hizo, aliyetaka nambari alimwendea Postel, naye alimpa na kuiandika.

Umuhimu wa daftari hilo ni rahisi kueleweka. Tarakilishi moja huweza kutoa huduma nyingi kwa wakati mmoja, kama jumba lenye milango mingi. Anayetaka kupeleka barua pepe huelekea mlango wa 25. Anayetaka kuhamisha faili kwa utaratibu wa zamani huenda mlango wa 21. Iwapo kila fundi angejichagulia nambari aitakayo, tarakilishi za Nairobi na za Tokyo zisingeelewana kamwe. Ilihitajika orodha moja, na ilihitajika mtu ambaye wote wangekubali kwamba orodha yake ndiyo orodha.

Lugha ya sokoni

Itifaki ya kuingia katika tarakilishi ya mbali ilipewa jina la Telnet. Mizizi yake ni ya mwaka wa 1969, na waliochangia walikuwa wengi, lakini Postel aliishughulikia tangu mapema. Mnamo Aprili 1972, aliandika hati kuihusu, na Mei 1983, yeye na mwenzake Joyce Reynolds walitoa maelezo yaliyokuja kuwa kanuni rasmi. Nambari yake ya mlango ikawa 23.

Tatizo ambalo Telnet ililenga kulitatua lilikuwa kubwa. Mitambo ya wakati huo ilitengenezwa na kampuni tofauti, na kila mmoja ulikuwa na desturi zake. Namna ya kumaliza mstari, namna ya kufuta herufi, namna ya kuikatiza programu iliyokwama, yote yalitofautiana. Kuifunza kila tarakilishi tabia za nyingine zote kungekuwa mzigo usiobebeka.

Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa ni kubuni mtambo wa kidhahania ambao haupo popote, kisha kila tarakilishi ikafunzwa kuiga tabia za huo mmoja tu. Ni kama wafanyabiashara wa makabila mbalimbali wanaokutana sokoni: badala ya kila mmoja kujifunza lugha za wenzake wote, wote huafikiana kuzungumza Kiswahili. Hao wakishaelewana kwa lugha hiyo, wawili wanaojua lugha nyingine ya pamoja wana hiari ya kuitumia. Ndivyo Telnet ilivyofanya. Mitambo ilianza kwa lugha ya wote, kisha ikaulizana iwapo kuna jambo la ziada ambalo zote mbili zinaliweza.

Katika hati zake za miaka ya 1980 kuhusu itifaki nyinginezo, Postel aliliweka wazo la aina hiyo kuwa kanuni ya jumla, ambayo sasa hujulikana kwa jina lake. Kiini chake ni kwamba mtambo uwe mwangalifu sana katika yale unayoyatuma, lakini uwe mkunjufu katika kupokea yale yanayotumwa na wengine, hata yakiwa na kasoro ndogondogo. Ulikuwa uungwana uliogeuzwa kuwa uhandisi. Kanuni hiyo ilisaidia mitandao iliyojengwa na watu wasiojuana kuelewana, ingawa miaka mingi baadaye baadhi ya wataalamu waliikosoa wakisema kwamba kuvumilia makosa huyafanya yazoeleke, na hufungulia wahalifu mianya.

Mwaka wa 1977, Postel alijiunga na Taasisi ya Sayansi ya Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Marina del Rey, na hakuhama tena. Ni akiwa hapo ambapo hati kuu za intaneti zilipitia mikononi mwake. Mnamo Septemba 1981, zilitolewa kanuni mbili za msingi ambazo data zote za intaneti ziliegemea, IP na TCP, yeye akiwa mhariri wake. Mwaka uliofuata aliandika kanuni za kutuma barua pepe. Baadaye alisimamia kazi ya Paul Mockapetris, aliyebuni mfumo wa majina ya vikoa mwaka wa 1983.

Kuhama kutoka kanuni za zamani hadi TCP na IP kulipangwa kukamilike Januari 1, 1983. Wasimamizi wengi wa tarakilishi walijikokota. Ili kuwazindua, Postel na Cerf waliwazimia wale wa kanuni za zamani kwa siku nzima katikati ya mwaka wa 1982, na kwa siku mbili baadaye mwaka huo huo. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini kazi ilifanyika. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewapa wawili hao idhini, kwa kuwa kila aliyekuwa mtandaoni alijua kwamba hawakuwa na faida yoyote ya kibinafsi katika jambo hilo.

Mlango bila kufuli

Imani hiyo hiyo iliyompa Postel mamlaka ilikuwa imeshonwa ndani ya itifaki zenyewe. Waliotumia mtandao wa mwanzo walikuwa watafiti waliofahamiana kwa majina. Kwa hivyo, Telnet ilisafirisha kila kitu kikiwa wazi, ikiwemo nywila. Mtu yeyote aliyeweza kuchungulia njiani angeisoma nywila ya mwenzake kama anayesoma bango la barabarani.

Zana nyingine za wakati huo ziliamini kupita kiasi. Katika mfumo uliotoka Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley mwaka wa 1983, palikuwa na amri iliyoitwa rsh, ambayo kwayo mtumiaji aliweza kuanzisha programu katika tarakilishi ya mbali kwa kuandika mstari mmoja tu. Iwapo tarakilishi hiyo ilikuwa imeorodhesha mtambo wake kuwa rafiki, hakuulizwa nywila. Ilikuwa ni kama nyumba za kijiji ambazo jirani huingia bila kubisha.

Novemba 2, 1988, kijiji hicho kiligundua kwamba kimekuwa jiji. Programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilijisambaza yenyewe kutoka tarakilishi moja hadi nyingine na kuzilemaza maelfu. Miongoni mwa njia ilizotumia ni urafiki huo wa mitambo kupitia rsh na amri nyingine za kuanzisha programu kutoka mbali. Milango iliyoachwa wazi kwa ajili ya majirani ilikuwa imempitisha mgeni asiyealikwa.

Mwaka wa 1995, nywila zilipoibwa kwa kuchunguliwa katika mtandao wa chuo kikuu kimoja cha Helsinki, nchini Ufini, mtafiti wa chuo hicho Tatu Ylönen aliandika programu mpya iliyofanya kazi zile zile za Telnet na rsh, ila ilifumba mazungumzo yote kwa siri kabla hayajaondoka. Aliiita SSH. Alipochunguza daftari la nambari, aliona kwamba kati ya 21 ya kuhamishia faili na 23 ya Telnet palikuwa na 22 isiyo na mwenyewe. Mnamo Julai mwaka huo alituma barua pepe fupi kwa ofisi ya Postel kuiomba. Siku iliyofuata, Joyce Reynolds alimjibu kwamba nambari hiyo imekuwa yake.

Hakukuwa na ada, wakili wala fomu ya kurasa kumi. Hivyo ndivyo ofisi hiyo, iliyokuwa imepewa jina la Mamlaka ya Kugawa Nambari za Intaneti, au IANA, ilivyofanya kazi. Licha ya jina hilo la fahari, mamlaka yenyewe ilikuwa ni Postel na wasaidizi wachache, wakilipwa kupitia kandarasi ya chuo na Wizara ya Ulinzi.

Amana ya kila taifa

Nambari hazikuwa mzigo pekee. Majina ya vikoa yalipoanza kuenea duniani, swali la hatari lilizuka: ni nchi gani inastahili kupewa herufi zake mbili, na nani katika nchi hiyo akabidhiwe? Swali hilo lingeweza kumwingiza mhandisi katika vita vya kisiasa vya mataifa.

Postel alilikwepa kwa busara. Alitumia orodha ya mifupisho ya nchi iliyokuwa tayari imechapishwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, akisisitiza kwamba si kazi yake kuamua lipi ni taifa na lipi si taifa. Katika hati aliyoitoa Machi 1994, alieleza kwamba anayekabidhiwa kikoa cha nchi ni mdhamini tu kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na jamii nzima ya intaneti. Madai ya umiliki hayana nafasi. Kinachostahili kuzungumziwa ni wajibu na huduma.

Kenya ilipata kikoa chake cha .ke katika utaratibu huo, Aprili 1993, wakati ambapo Wakenya waliokuwa wamewahi kuiona barua pepe walikuwa wachache mno. Shughuli zake za usimamizi zilikuwa mikononi mwa Dkt Shem Ochuodho, huku mtaalamu wa Marekani Randy Bush akisaidia upande wa kiufundi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikoa hicho kilihamishiwa kwa asasi ya Kenya, KeNIC. Uganda na Tanzania zilipata vikoa vyao mwaka wa 1995. Kila anwani inayoishia kwa herufi hizo ni mstari uliowahi kuandikwa katika daftari la Marina del Rey.

Siku nane za Januari na Februari

Kufikia katikati ya miaka ya 1990, mtandao wa watafiti ulikuwa umegeuka soko. Kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na kandarasi ya serikali ya Marekani ya kusajili majina kama yale ya .com, iliruhusiwa mnamo Septemba 1995 kuanza kutoza dola 100 kwa kila jina kwa miaka miwili. Ghafla majina yaliyotolewa bure yakawa chemchemi ya mamilioni ya dola. Kampuni zikaanza kushtakiana. Wanasheria wakaanza kuuliza swali ambalo wahandisi hawakuwa wameliuliza kwa miaka 25: Postel anatoa wapi mamlaka yake?

Postel alijaribu kutafuta jibu. Mwaka wa 1996 alipendekeza kuwepo vikoa vipya ili ushindani upatikane. Pendekezo hilo lilizaa mkataba uliotiwa sahihi mjini Geneva mnamo Mei 1997 na mashirika mengi. Lakini serikali ya Rais Bill Clinton haikuukubali mkataba huo, na mshauri wake Ira Magaziner alikuwa akitayarisha mpango mwingine.

Hapo ndipo Postel alipofanya jambo lililowashangaza wengi. Januari 28, 1998, aliwaandikia barua pepe wasimamizi wanane wa seva kuu za majina, yaani zile ambazo tarakilishi zote duniani huziuliza mahali pa kupata vikoa. Seva hizo zilikuwa 12 kando na ile kuu ya Network Solutions, ambayo zilichota orodha yake kutoka kwayo. Aliwaomba hao wanane waache kuchota huko, na badala yake wachote kutoka kwa seva ya IANA.

Wote wanane walitii. Hawakudai barua rasmi wala kibali cha serikali. Seva zilizosalia zilikuwa chini ya taasisi za serikali ya Marekani, nazo hazikuguswa. Kwa siku chache, usimamizi wa majina ya intaneti uligawanyika katika makundi mawili, ingawa hakuna mtumiaji aliyehisi lolote kwa sababu orodha zote mbili zilifanana.

Ikulu ya Marekani ilipopata habari, haikufurahishwa hata kidogo. Magaziner aliwasiliana na Postel na wakubwa wa chuo chake, akataka jambo hilo likomeshwe mara moja. Postel alieleza kwamba lilikuwa jaribio la kuona iwapo usimamizi unaweza kuhamishwa bila kuvuruga mtandao. Katika muda wa kama wiki moja, aliwaomba wasimamizi warejeshe mambo yalivyokuwa, nao wakatii tena.

Kuna wanaoamini kwamba kweli lilikuwa jaribio tu. Wengine huona kwamba mtu huyo mpole alitaka kuikumbusha serikali kuwa intaneti iliendeshwa kwa hiari ya walioijenga. Vyovyote iwavyo, tukio hilo lilifichua ukweli wenye pande mbili. Lilionyesha kwamba imani ya watu kwa mtu mmoja inaweza kuwa na nguvu kuliko kandarasi. Pia lilionyesha kwamba mtambo ambao mamilioni ya watu walikuwa wakiutegemea ulining'inia kwenye uzi wa tabia njema ya mtu huyo mmoja. Siku angekuwapo mwingine mwenye nia mbaya, au siku ambayo angeaga dunia, uzi huo ungekatika.

Buriani

Postel mwenyewe alilijua hilo. Katika miezi iliyofuata alijitosa katika kazi ya kuunda asasi ambayo ingerithi daftari lake, yenye bodi, katiba na uwajibikaji. Asasi hiyo, ICANN, iliandikishwa California mwishoni mwa Septemba 1998.

Hakupata fursa ya kuiona ikikua. Moyo wake ulikuwa na maradhi ya vali, na alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka wa 1991. Alifanyiwa upasuaji mwingine mwaka wa 1998, na kutokana na matatizo yaliyoufuata alifariki mjini Los Angeles mnamo Oktoba 16, akiwa na umri wa miaka 55. Aliyependa kukwea milima ya Sierra Nevada akiwa na mzigo mgongoni alizimika huku asasi aliyoipigania ikiwa na umri wa wiki chache tu.

Siku iliyofuata, Cerf, rafiki yake tangu ujanani, alimwandikia tanzia. Hakuichapisha gazetini. Aliitoa kama hati katika ule mfululizo wa Maombi ya Maoni ambao marehemu alikuwa ameuhariri kwa karibu miaka 30, nayo ikabeba nambari 2468. Tangu mwaka wa 1999, Shirika la Intaneti, ambalo Postel alikuwa mwanachama wake wa kwanza wa kibinafsi, limekuwa likitoa tuzo yenye jina lake kwa waliotumikia mawasiliano ya data. Mwaka wa 2012, aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Intaneti.

Swali la nani anayestahili kulisimamia daftari halikwisha kwa kifo chake. ICANN ilifanya kazi hiyo kwa kandarasi ya serikali ya Marekani kwa miaka mingi, huku mataifa mengine yakilalamika kwamba rasilimali ya dunia nzima haifai kuwa chini ya nchi moja. Kandarasi hiyo ilimalizika Septemba 30, 2016 na haikurefushwa. Ilichukua miaka 18 tangu Januari ile ya 1998 kwa serikali hiyo kuuachilia usimamizi ambao Postel alitaka kuonyesha kwamba unaweza kuhama bila mtandao kutetereka.

Telnet nayo imestaafishwa katika mitambo mingi. Mhandisi mwangalifu hufunga mlango wa 23 na kupitia ule wa 22, ambako kila neno hufumbwa na kila anayeingia hutakiwa kuthibitisha yeye ni nani. Dunia iliyounganishwa imekuwa kubwa mno kwa watu kuaminiana kwa kujuana majina, na kufuli zimekuwa jambo la lazima.

Lakini hata kufuli hizo zina msingi ambao hauwezi kufungwa kwa ufunguo wowote. Tarakilishi ya Nairobi inapopeleka amri kwenye mlango wa 22 wa mtambo ulio ng'ambo, huwa imekubali, kama tarakilishi nyingine zote, kwamba nambari hiyo ina maana moja tu kila mahali. Makubaliano hayo hayalindwi na jeshi wala mahakama. Wahenga walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Postel alizungumza machache hadharani. Alichofanya ni kuandika nambari, moja baada ya nyingine, kwa miaka 30, bila kumpendelea yeyote na bila kujiuzia hata moja.